Boti mpya ya Mtera: ununue Dar, Mwanza au hapa hapa Dodoma?

Anayenunua boti mpya ya uvuvi kwa ajili ya Bwawa la Mtera hana duka la jirani. Kutoka Dodoma mjini hadi bwawani ni kama kilomita 130, na Iringa, upande wa pili, ni karibu vilevile. Wauzaji wenye boti za faiba uwanjani na injini kwenye rafu wako Dar es Salaam, kilomita 450 hivi kutoka Dodoma, na Mwanza, ambako ni kama 700. Ndiyo maana duka la hapa mjini linalouza jenereta, pampu za maji na "injini za boti kwa oda" huonekana mkombozi. Unakwenda asubuhi, unarudi jioni, na ukiwa na lalamiko unamkuta mtu ana kwa ana.

Tumezipima njia zote tatu kwa mvuvi wa Mtera anayetaka boti ya mita 6 au 7 na injini ya nguvu za farasi 15. Hukumu yetu ni kwamba kwa bodi ya boti, umbali wa duka hauna uzito mkubwa. Kwa injini una uzito sana, lakini usiupime kwa kilomita. Upime kwa siku ambazo impela, kile kipande cha mpira kinachovuta maji ya kupoza injini, huchukua kutoka kwenye rafu ya muuzaji hadi mikononi mwa fundi wako. Muuzaji wa Dar anayepakia spea kwenye basi jioni hiyohiyo yuko karibu kuliko wa Dodoma anayesema "tutaagiza".

Bodi

Bodi ya faiba ikitoka vizuri kwa mtengenezaji haina sababu nyingi za kurudi kwake. Ikipasuka haipandishwi lori kurudi Dar, inazibwa hapohapo mwaloni, pale boti zinapopandishwa nchi kavu. Kwa hiyo mazungumzo yenye faida na mtengenezaji ni yale ya kabla boti haijatoka kwenye kalibu, na kwa mnunuzi wa Mtera yana mambo yake.

Bwawa lilijengwa miaka ya 1970 kutunza maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu, na miti iliyofunikwa na maji haikuondolewa yote. Visiki vipo mpaka leo. Vinavyoonekana havina shida, vinavyovunja boti ni vile vilivyo nusu mita chini ya maji. Kina nacho hakitulii. Bwawa likijaa usawa wa maji ni mita 698.5 juu ya bahari, na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Tofauti ya mita 8.5 kwenye ardhi tambarare ni kubwa: mwalo uliokuwa na maji Mei unaweza kuwa uwanja wa tope Novemba, na boti inayoburutwa kwenye tope na mawe kila siku huisha kwa chini kwanza.

Mwambie mtengenezaji aongeze tabaka mbili za kitambaa cha faiba cha gramu 450 kwa mita ya mraba kando ya mkuku (uti wa chini wa boti), upana wa kama sentimita 20, kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Akikuambia ataongeza baadaye kwa nje, kataa. Tabaka la nje lililobandikwa juu ya rangi ngumu ya kalibu bila kupigwa msasa hadi kwenye faiba hubanduka. Mwombe pia vyumba vya hewa au povu chini ya viti, ili boti ikijaa maji isizame. Upepo wa mchana Mtera unaweza kuinua mawimbi ambayo boti iliyojaa nyavu haiyapendi.

Kisha kuna ubao wa tezi, ule unaobeba injini. Ndani yake huwa kuna plaiwudi iliyofunikwa faiba. Muuzaji akitoboa matundu ya bolti za injini na kuyaacha bila silikoni ya kuzibia, maji huingia kwenye plaiwudi na kuiozesha kimyakimya, na dalili utaiona baada ya miaka miwili injini ikianza kutikisika. Ukikagua boti dukani, gonga ubao huo kwa sarafu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Sauti iwe kavu na ileile kote. Mahali panapotoa sauti ya uwazi pana mfuko wa hewa au maji. Fanya hivyo hivyo chini ya boti, hasa kwenye kona za mkuku, maana hapo ndipo fundi mwenye haraka huacha hewa chini ya kitambaa.

Urefu wa ubao wa tezi huamua urefu wa mguu wa injini. Mguu mfupi ni wa inchi 15, mrefu ni wa inchi 20. Bamba bapa lililo juu kidogo ya propela linatakiwa liwe usawa wa chini ya boti, au lishuke chini yake kwa si zaidi ya milimita 25. Mguu mrefu kwenye ubao mfupi unakupeleka moja kwa moja kwenye visiki na tope, na mguu mfupi kwenye ubao mrefu hufanya propela kula hewa: mashine inanguruma, boti haiendi. Kosa hili hutokea zaidi pale boti inaponunuliwa kwa mmoja na injini kwa mwingine. Ukigawa manunuzi, mpe muuzaji wa injini kipimo cha ubao kwa sentimita. Usimwambie "ni boti ya kawaida".

Usafiri wa bodi hadi Mtera haubebi uzito mkubwa kwenye uamuzi, ila una makosa yake. Boti ya mita 7 itatokeza nyuma ya gari dogo, na ncha inayoning'inia ikirukaruka kwenye matuta hupasua faiba pembeni. Tafuta lori ambalo mkuku wote unalala juu ya bodi ya lori. Chini weka matairi chakavu au magunia ya pumba, yasiwe mawili tu ya mbele na nyuma, yawe manne au matano ili uzito ugawanyike. Tumia mikanda mipana, sio minyororo wala kamba nyembamba zinazokata kingo. Injini isisafiri imefungwa kwenye tezi. Isafiri kwenye boksi lake, imelala upande ulioandikwa kwenye lebo, kichwa kikiwa juu kuliko propela, la sivyo maji yaliyobaki kwenye mguu yatarudi kwenye silinda.

Chukua na vifaa vya kuziba kutoka hukohuko kwa mtengenezaji: kilo 5 za rezini, kilo 2 za kitambaa cha faiba na hadina yake. Hesabu ni rahisi, kitambaa hunywa rezini mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake. Hadina ni kati ya asilimia 1 na 2. Kwa joto la mchana la Mtera anza na 1, maana ukiweka 2 rezini itagandia kwenye kopo kabla hujafika kwenye ufa. Rezini haikai miaka, hesabu kama miezi sita, na pungufu ya hapo ikihifadhiwa kwenye banda la mabati. Mafundi wanaoziba bodi za magari kwa faiba wapo Dodoma na Iringa na wanaijua kazi hii, mradi uwakumbushe kukausha ufa siku nzima na kuusaga uwe na mteremko pande zote mbili.

Boti ya mbao ni hadithi nyingine. Fundi wake yupo palepale bwawani, na kwake suala la umbali halipo kabisa. Inahitaji kukalafatiwa (kuzibwa nyufa kati ya mbao) kila msimu, inalewa maji na kuwa nzito, lakini ikivunjika taruma (mbavu ya ndani) leo, kesho inavua. Kwa mvuvi asiye na mtaji wa injini bado ni chaguo la akili.

Injini ndiyo inayovunja watu

Injini nyingi za nguvu 15 zinazouzwa nchini kwa ajili ya uvuvi ni zile za kuchanganya oili na petroli, na kati yake Yamaha Enduro ndiyo unayoikuta kila mwalo. Ina uzito wa kilo 36 hivi, mtu mmoja anaibeba. Zile zenye oili yake chini, kama za gari, zinakula mafuta kidogo na hazitoi moshi, ila zinakaribia kilo 50 na zina vipuri vingi zaidi ambavyo lazima viagizwe. Kwa Mtera, mbali na duka, tunapendelea ya kuchanganya. Sababu yetu ni spea: hata ikiharibika mbali, kuna uwezekano mwenzako mwaloni ana kifaa kilekile.

Ni nini hasa huharibika? Kwanza impela, ile pampu ndogo ya mpira inayovuta maji ya kupoza. Maji ya Mto Ruaha, unaoingia bwawani, yana mchanga na tope, na mchanga hula mpira. Dalili ya kwanza ni mashine kukojoa kidogo: ule uzi wa maji unaotoka nyuma unapungua, unakuwa wa vuguvugu, halafu unakatika. Ukiendelea kuvuta kwa dakika chache baada ya hapo, pistoni hukwaruza silinda na matengenezo hayafanani tena na bei ya impela. Kwa kazi ya kila siku bwawani, badilisha kila mwaka bila kusubiri dalili.

Kubadilisha si kazi ya kumwita fundi kutoka Dar. Unahitaji spana namba 10 na 12, bisibisi na grisi. Tenganisha kiungo cha fimbo ya gia, fungua bolti zinazoshika mguu wa chini, ushushe taratibu ukiwa umenyooka. Fungua kifuniko cha pampu, toa impela ya zamani, angalia kama kikombe cha chuma kina mikwaruzo inayoshikika kwa ukucha. Kama ipo, impela mpya itakufa mapema, badilisha na kikombe. Weka kii mahali pake, paka grisi kidogo, na unaposhusha kikombe zungusha shafti kufuata mwelekeo wa saa ili mapezi yalale upande sahihi. Gasketi iwe mpya. Fundi pikipiki yeyote makini wa Migoli au Mtera anaweza kujifunza kazi hii kwa kuiona mara moja. Asichoweza ni kuitengeneza impela ambayo hana.

Pili ni sili ya shafti ya propela, na mwuaji wake ni uzi wa nyavu. Kipande cha nailoni hujisokota nyuma ya propela, kinaingia ndani, kinakata sili, maji yanaingia kwenye gia. Kila wiki chomoa kotapini, fungua nati, toa propela na kata nyuzi zote unazoziona. Oili ya gia ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia. Injini ya 15 huchukua kama robo lita ya oili ya gia namba 90, na hujazwa kutoka tundu la chini hadi itokee la juu. Ukimaliza funga la juu kwanza, ndipo uchomoe chupa na kufunga la chini. Washa (pete za kuzibia) za skrubu hizo mbili ni za kutumika mara moja, na huyo anayezirudisha zilezile ndiye anayelalamika baadaye kwamba oili inapungua.

Tatu ni propela yenyewe na visiki. Nne, mafuta machafu. Petroli ya kwenye madumu huja na maji na uchafu, na kabureta ya injini hizi haina subira. Kichujio cha ziada kwenye mpira wa mafuta kinagharimu kidogo kuliko kusafisha kabureta mara mbili.

Hayo yote yanatibika mwaloni kama kifaa kipo. Kuna na yasiyotibika: boksi la CDI linalotoa umeme wa plagi, koili, beringi za krenki. Vifaa vya umeme vikishafungwa kwenye injini wauzaji wengi hawavipokei tena, hata kama tatizo halikuwa hapo. Kwa hayo ndipo umbali wa wakala unapoumiza kweli, kwa sababu unahitaji mtu mwenye vipimo, na huyo kwa kawaida yuko Dar au Mwanza.

Hivyo siku ya kununua injini, nunua na boksi la akiba kwenye risiti hiyohiyo: impela mbili na gasketi zake, plagi nne (kwa Enduro 15 ni NGK B7HS-10, ile 10 ya mwisho ni mwanya wa milimita 1.0), propela moja ya pili na nati yake, kotapini sita, oili ya gia lita moja pamoja na washa, vichujio viwili, kamba ya kuwashia, na kamba nyekundu ya kuzimia ya ziada. Muuzaji atakupunguzia bei ya boksi hili leo. Mwezi ujao hatapunguza.

Oili ya kuchanganya nayo inahitaji neno. Lazima iwe na alama ya TC-W3, ambayo ni ya injini zinazopozwa kwa maji. Oili za pikipiki na mashine za kukatia miti ndizo unazozikuta kirahisi Dodoma, na zina chupa zinazofanana, lakini zimetengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa hewa. Zinaacha masizi kwenye ringi na plagi. Injini mpya, saa 10 za kwanza, ni oili 1 kwa petroli 25, yaani mililita 40 kwa kila lita. Baada ya hapo ni 1 kwa 50, mililita 20. Mvuvi anayetumia lita 15 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, anahitaji lita saba na nusu za oili kila mwezi. Kama wakala hawezi kukuhakikishia kiasi hicho kwa basi, tafuta mwingine kabla hujalipa.

Simu moja kabla ya kulipa

Hapa ndipo tunapowatofautisha wauzaji. Piga simu kama mtu ambaye tayari ana injini:

"Habari za kazi, bosi. Nina Yamaha 15, nataka impela na sili za shafti."

Muuzaji mzuri atajibu kwa swali: "Ni modeli gani, D au F? Nitumie picha ya bamba lililo kwenye mkono wa kubania." Akishaiona anakutajia bei, anakuambia ipo au haipo, na basi gani atapakia. Muuzaji wa upande wa pili atasema, "Njoo dukani tuone," au, "Zote zinaingiliana hizo, mkuu." Haziingiliani. Huyo anauza maboksi.

Kwa jaribio hilo, duka la oda la hapa Dodoma mara nyingi ndilo linaloanguka, na tunasema hivyo bila kulidharau. Linaagiza injini kutoka kwa wakala yuleyule wa Dar, linaongeza faida yake, na spea zikitakiwa linampigia yeye. Umejiongezea mtu wa katikati na siku mbili. Faida yake pekee ni mkopo na kujuana, na kwa wengine hiyo inatosha. Ila kama duka hilo lina fundi wake aliyewahi kufungua injini za boti na rafu yenye impela na sili, lichukue hata likiwa ghali kidogo. Muombe akuonyeshe rafu, usiridhike na kalenda ya kampuni iliyoning'inia ukutani.

Dar ina spea nyingi kuliko kwingine, na mabasi hutoka Mbezi Luis usiku na mchana. Kifurushi cha jioni unakipokea asubuhi stendi ya Nanenane, unakihamishia kwenye gari la Iringa linalopita Mtera. Udhaifu wa Dar ni kwamba mawazo yake ni ya baharini. Anodi, vile vipande vya chuma vinavyoliwa badala ya mguu wa injini, kule huwa ni za zinki. Kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, zinki hujifunika ganda na kuacha kufanya kazi, huku ukiiona nzima na kudhani uko salama. Agiza za alumini, zinafaa kote, au za magnesi ambazo ni za maji baridi tu.

Kuna pia suala la mwinuko. Injini iliyojaribiwa Dar imejaribiwa usawa wa bahari. Nguvu hupungua kwa kama asilimia 3 kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo Mtera umepoteza asilimia 7 hivi. Boti ikijazwa nyavu, watu watatu na samaki, propela ya Dar inaweza kuwa nzito na injini isifike mizunguko yake, ambayo kwa nyingi za 15 ni kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika ukifungua yote. Kushusha hatua ya propela (umbali inaosogea kwa mzunguko mmoja) kwa inchi 1 hurudisha mizunguko kama 200. Muuzaji asiyekuuliza boti inakwenda kufanyia kazi wapi hatakuambia hilo.

Mwanza hulipati tatizo hilo. Ziwa Victoria liko mita 1,134, maji ni baridi, na eneo la Kirumba limezungukwa na watu wanaoishi kwa injini za boti. Fundi wa Mwanza anajua matatizo ya Mtera bila kuelezwa, isipokuwa visiki. Udhaifu ni usafiri: basi la Mwanza hutumia siku nzima hadi Dodoma, na lori la boti litapitia Shinyanga na Singida kwa gharama inayoweza kumeza punguzo lote ulilopewa. Mwanza inalipa kama wavuvi wawili au watatu mnapakia boti zenu kwenye lori moja, moja ikiwa imelala ndani ya nyingine. Kwa boti moja na injini moja, Dar inashinda.

Kwa Hombolo usijisumbue na hesabu hizi. Bwawa ni dogo, kasia linatosha. Na kwa Sulunga kule Bahi, ambako maji huja na kuondoka na misimu, boti ya faiba na injini ni fedha iliyowekwa juani.

Waranti na karatasi

Soma waranti kabla ya kuisifia. Kwa matumizi ya biashara, na uvuvi ni biashara, muda wake huwa mfupi kuliko wa boti za starehe, na kwa kawaida inafunika ubovu wa kiwandani: haifuniki impela, plagi, propela wala injini iliyoungua kwa kukosa maji. Uliza mambo mawili na yaandikwe. La kwanza, nani analipia usafiri wa injini kwenda na kurudi. Jibu la kawaida ni wewe. La pili, je, huduma ya kwanza baada ya saa 10 lazima ifanywe na wakala mwenyewe, au fundi mwingine anaweza kuifanya mradi atunze risiti za oili na spea? Kama ni lazima kwa wakala, na wakala yuko Dar, waranti hiyo kwa mvuvi wa Mtera ni karatasi, kwa sababu hakuna atakayefunga injini mpya kwenye basi baada ya siku mbili za kazi. Wakala anayekubali kukuelekeza fundi wako kwa simu ya video wakati wa huduma hiyo anastahili kulipwa zaidi kidogo.

Risiti iwe ya EFD, na namba ya injini iandikwe juu yake kwa usahihi, herufi kwa herufi kama ilivyo kwenye bamba. Usajili wa chombo na leseni ya uvuvi hufanyika kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako, iwe Mpwapwa, Chamwino au Iringa kulingana na mwalo wako. Wengine hupoteza siku kwenda Mtumba wakidhani kwa kuwa wizara iko hapa Dodoma basi kazi imekuwa rahisi. Huko utaelekezwa kurudi halmashauri. TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, nao wanakagua usalama wa vyombo vidogo, na watataka kuona jaketi okozi kwa kila mtu aliyemo. Namba moja ikikosewa kwenye risiti, kuirekebisha kwa muuzaji wa Mwanza kunachukua muda mrefu kuliko kuijaribu injini yenyewe. Piga picha ya bamba na risiti ukiwa bado dukani, zilinganishe.

Malipo yasiishe kabla ya maji. Kwa muuzaji wa mbali jaribio la majini litafanyika kwake, au kwenye pipa kama hana ufukwe. Pipa linaonyesha kwamba inawaka na kukojoa, halionyeshi zaidi ya hapo. Bakiza sehemu ya fedha, hata asilimia 10, hadi boti ielee bwawani, na liwekwe kwenye mkataba. Siku hiyo acha injini iungurume polepole dakika 10 za kwanza ukiangalia maji ya nyuma, endesha saa ya kwanza bila kuvuta hadi mwisho, kisha rudi mwaloni uangalie vitu vitatu: maji ndani ya boti karibu na bolti za tezi, mafuta kuzunguka skrubu za gia, na rangi ya plagi. Kahawia ni nzuri. Nyeusi yenye unyevu kwenye mchanganyiko wa 25 ni ya kawaida, irudie baada ya saa 10. Nyeupe, zima na umpigie muuzaji ukiwa bado unamdai huduma na yeye bado anakudai fedha.